Wali Niachieni Mimi

Juzi nilikaa kwenye saluni moja hapa Usagara nikisubiri zamu yangu ya kusukwa, na msichana wa pembeni yangu akafungua chupa ya rangi ya kucha. Harufu ile kali ikanipanda puani mpaka machozi yakanilengalenga. Msusi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni rangi tu. Na kweli ilikuwa rangi tu, ila kwetu rangi ya kucha haikupakwa kwenye kucha. Ilipakwa kwenye vitufe vya kompyuta, nyekundu upande wa kushoto na ya waridi upande wa kulia, na mama yangu ndiye aliyeipaka, amekaa chini kwenye mkeka, ulimi umetoka nje kidogo kwa umakini.

Nyie wa rika langu mtazikumbuka zama zile. Simu za kugusa ndiyo kwanza zinaingia mitaani, na aliyekuwa na kompyuta nyumbani aliifunika kitambaa cha kufuma. Yetu ilikuwa ya mapajani, imeshazeeka mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia sisi. Betri yake ilikufa zamani, haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Mama aliipata kazini kwake, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mwenye duka alipoona inambania nafasi mezani.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dalali wa samaki mnadani. Watu hudhani dalali anaishi kwa sauti. Thubutu, dalali anaishi kwa sikio. Mtu wa nyuma kabisa ananong'ona, wa mbele wanagombana, na yeye katikati ya zogo lote hilo ameshajua nani kasema nini. Nyumbani vilevile. Alikuwa akiingia, hata kabla hajavua viatu, ana kisa cha kutuletea, naye anataka cha kwetu. Tulikuwa tukimngoja ili tucheke. Mama akimwambia, "Weye mume wangu una maneno," yeye hujibu, "Sasa ulitaka uolewe na bubu?" Kisha wote wawili wanacheka kicheko cha watu wanaosikilizana.

Halafu akaugua. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza kitandani, na alipoinuka, Mungu alikuwa amemrudishia kila kitu isipokuwa masikio. Sauti yake ilibaki, tena ikawa kubwa kuliko mwanzo kwa sababu hakuwa akijisikia. Mnadani alirudi mara moja tu. Hakutusimulia yaliyomkuta huko. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake cha pale sebuleni, na kuanzia hapo kiti kile kikawa ndiyo kazi yake.

Tukawa tunamwandikia. Mnajua kuandika kulivyo kuzito wakati maneno yanakimbia? Mtu anaongea, wewe uko kwenye neno la pili, yeye ameshafika kwenye la ishirini. Kwa hiyo tulifupisha. Mama alitusimulia siku moja kisa cha jirani aliyemkimbiza mbuzi wake mpaka akaingia naye kwenye ukumbi wa harusi ya watu, bwana harusi akadhani mbuzi ndiye zawadi. Tulicheka mpaka tukashikana mbavu. Baba akatutazama, akatabasamu kwa kutuiga, akanyoosha mkono apewe karatasi. Dada yangu Riziki akamwandikia: mbuzi wa jirani. Baba akasoma. Akaigeuza karatasi kuangalia kama kuna mengine nyuma.

"Enhe," akasema, "mbuzi wa jirani kafanyaje?"

"Basi tu, Baba," Riziki akamwonyesha kwa mkono. "Maongezi tu."

Maongezi tu. Nimekuja kuyachukia maneno hayo kuliko tusi. Tulimwandikia chakula tayari, tulimwandikia mgeni kaja, tulimwandikia kunywa dawa. Amri zilimfika zote, ila raha haikumfika hata moja. Polepole akaacha kunyoosha mkono. Sisi tukaona ameridhika, kumbe alikuwa amekata tamaa.

Mama ndiye hakukubali. Ujanani alisomea uhazili, na huko alifundishwa hatimkato, yale maandishi ya mikunjo mikunjo ambayo karani huyaandika mkubwa wake anapoongea. Siku moja wageni walikuja, wakakaa, wakaongea weee, na Mama kalamu yake haikutulia. Walipoondoka akampa Baba karatasi, maongezi yote yako humo, hakuna kilichomponyoka. Baba akaiinamia, akaisogeza mbali, akaigeuza juu chini.

"Mke wangu," akasema, "hii umeniandikia au umeniroga?"

Mama alicheka, lakini nilimwona anafuta macho kwa upindo wa kanga. Alikuwa amepata dawa ambayo mgonjwa hawezi kuimeza. Kuanzia pale akawa anachelewa kurudi kutoka kazini, anabaki kwenye kompyuta ya dukani anatafuta kama ipo hatimkato inayojigeuza yenyewe kuwa maneno ya watu wote.

Ipo. Alitueleza kwamba nchi za watu kuna makarani wa mahakama wenye mashine maalumu. Hawapigi herufi moja moja. Wanabana vitufe kadhaa kwa mpigo mmoja, kama mpiga kinanda, na neno zima linatoka. Mashine zenyewe hazishikiki kwa watu kama sisi. Lakini kuna watu, kila mmoja kwao, wengi wao hawajawahi hata kuonana, wamekaa wakatengeneza programu inayoifanya kibodi ya kawaida iwe mashine ile, wakaiweka mtandaoni aichukue anayetaka. Na michezo ya kujifunzia wameitengeneza pia. Bure.

"Bure ghali," alisema Ba'mdogo Hemedi, mdogo wake Baba, alipoambiwa. Ba'mdogo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na hakuamini kitu kisicho na risiti.

Lakini ilikuwa bure kweli. Mama aliuliza maswali yake kwenye kikundi chao cha mtandaoni, kwa Kiingereza chake cha uhazili, na wakamjibu kama jamaa. Mmoja aliyejibu sana alikuwa ameweka picha ya kasuku mahali pa sura yake. Mimi niliamini kabisa kwamba ni kasuku anayejibu. Nilishasikia kwamba kasuku wa Kizungu wanaongea, sikuona ajabu wakiandika. Mama akifika nyumbani namuuliza, "Kasuku kasemaje leo?" naye ananijibu bila kunisahihisha, kwa hiyo jina likakaa.

Kasuku ndiye aliyetuambia kwa nini kibodi yetu ilikuwa inakula maneno. Kibodi za kawaida, ukibana vitufe vingi kwa pamoja, vingine zinavimeza. Tutafute ya wacheza gemu. Riziki akaipata kwa mwenye kibanda cha gemu, imefutika herufi kwa kubonyezwa lakini taa zake za rangi rangi bado zinawaka chini kwa chini, na hapo ndipo Mama alipoleta rangi ya kucha. Kasuku huyohuyo ndiye aliyetuambia kwamba kamusi ya Kiswahili haipo. Ya kwao ilikuwa ya Kiingereza. Mama alipiga "samaki", yakamtoka maneno ya Kizungu yasiyo kichwa wala miguu. "Tengenezeni yenu," Kasuku akaandika, "nasi tutawasaidia mnapokwama."

Basi tukaitengeneza, Mama na mimi. Nilikuwa bado mdogo, natoka shule, naenda chuoni kwa maalimu, nikirudi alasiri namkuta Mama amejinyoosha mkekani na mashine yake. Vitufe ni vichache. Vokali ziko chini ya vidole gumba: a, o, e, u. I haina kitufe, unaipata kwa kubana e na u pamoja. Na F haina kitufe vilevile, unaibana T na P kwa mpigo mmoja. Maneno tunayoyasema kila mara tuliyapa mpigo wake mmoja. Shikamoo ikawa mpigo mmoja. Marahaba, mmoja. Inshallah na alhamdulillahi ndiyo tulianza nayo kabisa, maana Mama alisema bila hayo mawili hutamwandika mtu yeyote wa Tanga akamaliza sentensi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno yanayodondoka kutoka juu ya kioo. Unalipiga neno kabla halijagusa chini, likigusa umeliwa. Waliouunda waliacha nafasi ya kuweka maneno yako mwenyewe, kwa hiyo kwetu walidondoka samaki: changu, tasi, kibua, nguru, kolekole. Nilikuwa nawadaka. Kolekole alinisumbua sana kwa urefu wake mpaka nilipompa mpigo mfupi, tangu hapo sikumwogopa tena. Muda si mrefu nikawa namwacha Mama nyuma. Yeye alikuwa na mawazo ya jikoni na ya kazini, mimi nilikuwa na kolekole tu.

Mama alinipa sheria moja. "Andika yote, usichague. Weye si mkubwa wa kujua lipi la maana kwa baba yako na lipi si la maana. Hata mimi si mkubwa hivyo."

Baba alikuwa anatutazama kutoka kwenye kiti chake. Alidhani ni mchezo, na kwangu mimi ulikuwa mchezo. Siku ya kwanza tulipomwelekezea kioo kwa kazi yenyewe, shangazi alikuwa amepiga simu kutoka Pangani anakoishi na Bibi, mama yake Baba. Simu iko kwenye spika, Mama anapiga vitufe, Baba ameinama anasoma. Shangazi akasema, "Mwambie kaka, mama amekupa," kisha mtandao ukakata. Kwenye kioo ikatokea: mama amekufa.

P iko peke yake, F ni T na P. Kidole cha Mama kilikuwa kimeteleza nukta moja tu kikagusa T, na Bibi tayari ni marehemu. Baba akasimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema kwa ile sauti yake, majirani wawili wakatoka nje. Alishaanza kuvaa kofia. Ndipo simu ikarudi na shangazi akamalizia, "kuku wawili wa kienyeji, watakuja na basi la kesho." Mama akapiga: kuku wawili.

Baba akasoma. Mama amekufa kuku wawili. Akamtazama Mama, Mama akamtazama yeye, na Mama akaandika tena, safari hii polepole, amekupa. Baba akaketi. Akaanza kucheka. Jamani, nilikuwa nimeshakisahau kicheko chake. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na kuanzia siku ile mezani kwetu hakuna aliyesema nipe. Ilikuwa "nife chumvi," "hebu nife maji hayo," na Mama anamjibu, "Kufa polepole, ni ya moto."

Baada ya hapo alivuta kiti chake mwenyewe mpaka karibu na mashine. Alitaka yote. Nikimwandikia kwamba jogoo anawika nje anasema, "Huyo huyo mwenye sauti mbaya?" Alitaka hata ugomvi wa majirani, tena huo ndio alioupenda zaidi.

Mwaka huo Riziki akaposwa. Mposaji alikuwa kijana wa Kipemba aitwaye Khatibu, muuza vitambaa, mpole kupita kiasi. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini hivi kwamba Mama alisema huyu tukimwalika chakula itabidi tumwandikie na yeye. Baba alimpenda. Posa ikakubaliwa, siku ikapangwa, na Ba'mdogo Hemedi akaja kwetu alasiri moja kwa ajili ya mashauri.

Mimi niko mkekani na mashine. Baba kwenye kiti chake, amevaa miwani. Ba'mdogo alinikuta hivyo, akafikiri nacheza, maana kweli mara nyingi alinikuta nacheza. Aliongea na Mama juu ya viti na maturubai, mimi nikaandika. Aliongea juu ya nani apelekewe mwaliko Horohoro, nikaandika. Kisha akashusha sauti kidogo, sijui kwa nini, labda kwa mazoea.

"Shemeji, lipo moja zito," alisema. "Siku ya kufunga ndoa. Kaka hasikii. Bwana harusi akijibu, yeye atajuaje? Ataanza kusema juu ya maneno ya mwenzake, au watakaa wanatazamana mbele ya wazee. Itakuwa fedheha kwetu sote, na kwake zaidi. Mie naona wali niachieni mimi."

Nami nikaandika yote, sikuchagua. Wali niachieni mimi. Na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu Ba'mdogo alikuwa hodari wa kusimamia masufuria ya shughuli, wali wake haushiki chini wala hauwi bokoboko. Nilijisemea, afadhali, Baba atapumzika na moshi.

Baba alisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena.

"Hemedi," akasema, "wali uachiwe weye?"

Ba'mdogo akaduwaa. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza akaelewa mchezo wangu ulikuwa nini. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikasema huku naandika, "Baba, mwachie tu. Ba'mdogo anapika vizuri kuliko weye."

Hakuna aliyecheka. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Baba aliyasoma maneno yangu pia, akanipapasa kichwa, akainuka akaenda zake uani. Kiti chake alikirudisha palepale kilipokuwa zamani, mbali na mashine.

Mama ndiye aliyenifahamisha jioni ile, tukiwa tunachambua mchele, na hata hapo nilikawia kuelewa kwa sababu mchele wenyewe uko mikononi. Kuna wali wa kula, akasema, na kuna wali wa ndoa. Huyo wa pili ni mtu, ndiye anayemuozesha binti. Anaushika mkono wa bwana harusi, anamwambia nimekuozesha mwanangu, na mwenzake anajibu nimekubali. Baba akiwepo, ni Baba. Ni haki yake na ni heshima yake, na hakuna siku nyingine ya kuilipa ikishapita.

"Sasa kwa nini asiseme tu kwamba anataka?" nikauliza.

"Kwa sababu anaogopa kwamba Hemedi kasema kweli," Mama akajibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baba hakugombana na mdogo wake. Alimwita kesho yake akamwambia mwenyewe kwamba amkubalie awe wali, yeye atakaa pembeni aitikie dua. Ba'mdogo alitoka pale hana raha. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa anamwonea kaka yake haya asiaibike, ila alimwonea haya hiyo kabla ya wakati.

Siku chache zikapita, Baba haji karibu na kioo. Nikimwelekezea anafumba macho. Ndipo Riziki alipokuja akakaa kwenye mkeka, akanivuta mimi na mashine yangu mpaka mbele ya miguu ya Baba. "Andika," akaniambia, "na usinikatizie hata neno."

Akaanza. "Baba, Ba'mdogo nampenda. Ni baba yangu pia. Lakini nikiozeshwa na mwingine na wewe umekaa pale pembeni, nitakuwa yatima mwenye baba. Mie sitaki harusi hiyo. Afadhali Khatibu asubiri mpaka atakapojifunza kupiga kelele."

Kisha sauti ikamkatika. Mama alinifundisha kwamba visivyo maneno navyo viandikwe, akicheka mtu andika anacheka. Nikaandika: analia.

"Naona kwamba analia, mama," Baba akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Andika maneno."

Riziki akapangusa kamasi, akaendelea, nami nyuma yake. Baba alisoma mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "nikikosea je? Nikikaa kimya wao wananingoja? Watu wakinicheka siku yako?"

"Wacheke," Riziki akasema. "Wakicheka huyu atakuandikia kwamba wanacheka, na wewe utacheka nao."

Baba akakivuta kiti mpaka karibu na mashine.

Mama akamwendea sheikhe wa mtaani kwetu kumuuliza kama inafaa. Sheikhe hakujibu hapohapo, alikuja nyumbani kuona kwa macho yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi, akaongea na Baba kwa njia ya vidole vyangu. Alimtega. Akimuuliza jambo, katikati ya swali anageuza jingine. Baba alimjibu yote mawili, na la tatu akamuuliza yeye kwa nini anakohoa, maana nilikuwa nimeandika anakohoa. Sheikhe akaitikia kwa kichwa. "Anayesoma akafahamu, huyo amefahamishwa," alisema. "Hana upungufu. Ila mashahidi lazima wasikie kwa masikio yao. Na mtoto naye ajiandae, asije akatuandikia mambo ya kuku." Habari ya kuku ilishafika mpaka msikitini.

Siku yenyewe ndoa ilifungwa pale pale sebuleni kwetu baada ya swala ya alasiri. Wanaume kwa kanzu zao wamejaa mpaka barazani, wanawake wako vyumba vya ndani na uani, udi unafuka kila kona. Mimi peke yangu nilikuwa mtoto wa kike katikati ya kofia zote zile, nimevaa gauni jipya linaloniwasha, mashine iko juu ya stuli mbele ya Baba. Mzee mmoja alinikunjia uso, akauliza huyu vipi. Sheikhe akamwambia, "Huyo ni masikio ya wali, mpishe." Mzee akanipisha.

Tulipochomeka waya, kioo kikawaka, kikazima, kikawaka. Tundu la umeme la pale ukutani lilikuwa limelegea siku nyingi, na kwa joto na vurugu za watu likachagua siku hiyo kukataa kabisa. Betri ilishakufa, na chumba kimejaa, hakuna pa kuhamia. Ba'mdogo Hemedi, aliyekuwa amekaa mbele kama mtu wa pili kwa heshima mle ndani, aliinuka, akapita katikati ya watu, akapiga magoti pale ukutani na kanzu yake nyeupe, akaikandamiza plagi kwa kiganja. Kioo kikatulia. "Endeleeni," akasema. "Mie siondoki hapa." Na hakuondoka, alibaki amepiga magoti vilevile, jasho linamtiririka, mpaka mwisho.

Sheikhe akasoma hotuba. Sehemu za Kiarabu tulikubaliana niandike tu "Kiarabu", Baba anazijua kwa moyo. Kisha sheikhe akawaita wasogeane. Baba akaushika mkono wa Khatibu, viganja vimekutana, na macho yake yote mawili yako kwangu, yaani kwenye kioo. Nilimwandikia: sasa, sema.

"Khatibu bin Makame," Baba akasema, na sauti yake ilifika barazani na kupita, "nimekuozesha binti yangu Riziki kwa mahari mliyosikilizana."

Halafu kikaja kimya kile alichokuwa akikiogopa. Khatibu alikuwa amejaa jasho mpaka kwenye kope. Midomo yake ilicheza. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Watu wakatazamana. Mashahidi, wazee wawili wa heshima waliokaa hatua chache tu, wakatega masikio kwa viganja. Nyuma mtu akauliza, "Kasemaje?" Mwingine akamjibu, "Hata hajasema." Minong'ono ikaanza kupanda, na nilimwona Ba'mdogo pale ukutani amefumba macho.

Lakini mimi nilikuwa gotini pa Baba, na Khatibu yuko umbali wa mkono. Nilishamsikia. Vidole vilikuwa vimeshaondoka kabla sijafikiri. Nilimwandika neno kwa neno alivyolisema, na pale mwisho nikaongeza kitu kimoja kisicho neno, kama nilivyofundishwa: nimekubali kumuoa Riziki kwa mahari hiyo. Anatetemeka.

Baba alisoma. Nilimwona anafika mwisho wa mstari. Hakuuachia mkono wa Khatibu, akaufunika kwa mkono wake wa pili.

Sheikhe akainua uso kuwaelekea wazee. "Mashahidi," akauliza, "mmesikia?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema ndiyo.

Nikamwandikia Baba swali la sheikhe, kwa sababu sheria ni kuandika yote. Akalisoma, akanyanyua kichwa, akawatazama watu wote wa mle ndani, mmoja mmoja, wenye masikio yao.

"Mimi nimesikia," akasema.